Mwenye Mtoto Hasifu

Afande Jenipher alishika njiti ya mwanzi, akaitumbukiza katikati ya ugali, akaizungusha, akaichomoa na kuinusa. Njiti ile ile akaichovya kwenye maharage. Kisha akahamia kwenye plamsi, akazitoboa moja moja, mpaka maji yake mekundu yakachuruzika mezani na nzi wakapata habari.

"Bibi, hizi zimeoza."

"Hazijaoza, mwanangu. Ni wewe umezitoboa."

"Mimi nakwambia zimeoza."

Zikaenda kwenye ndoo.

Bibi Mwanaidi alikuwa ametoka Mtae na basi la alfajiri, akashuka mlima wote ule kona kwa kona mpaka Mombo, kapu mapajani na kitukuu chake Rahma juu ya kapu. Kutoka Mombo walibadili gari, wakateremshwa njia panda, wakatembea kwenye vumbi la tambarare ambako jua halina adabu. Mtu aliyetoka mbali namna hiyo hagombanii plamsi. Hugombania dakika.

"Kumi," alisema Afande Jenipher, kama aliyemsikia anawaza. Kisha akainama, akamfinya Rahma shavu. "Mtoto mzuri huyu! Macho ya mama yake kabisa."

"Huyu?" Bibi alidakia, akatema mate kidogo pembeni. "Mzuri kwa lipi? Kinakula hakishibi, kinalala kama gogo. Kichukue ukitaka."

Afande Jenipher, ambaye kwao ni mbali, alimtazama kama mtu aliyemwona mama akitupa mtoto mtoni. Lakini nyuma ya waya mtu alicheka. Alikuwa Latifa, mjukuu wake bibi na mama yake Rahma, ndani ya gauni la magereza, mikono nyuma kama anavyotakiwa. Alicheka kwa sababu amesikia lugha ya nyumbani.

Kule milimani mwenye mtoto hasifu. Ukikisifu chako umekitangaza, na kilichotangazwa hakikosi mnunuzi: homa, kijicho, kaburi. Kwa hiyo mtoto anayependwa huitwa chura, huitwa mbaya wangu. Hata posa ikija ni hivyo hivyo. Wazee wa mume wanakaa chini, na mwenye binti anaanza kumchambua binti yake: mvivu, mdomo mrefu, chumvi hajui. Wageni wanasikiliza mpaka mwisho, halafu mkubwa wao anajibu, "Huyo huyo mbaya ndiye tunayemtaka." Hapo mambo yamekwisha. Na binti aliyejificha nyuma ya mlango, kadiri anavyosikia anachambwa ndivyo anavyojua anapendwa.

Waya ulikuwa mara mbili, na katikati pengo la hatua moja, ili mikono isikutane.

"Kitendawili!" Bibi alisema.

"Tega!"

"Nimemfunga kamba asipotee, kumbe anayepotea ni mimi."

Latifa akakunja uso. "Mchungaji na mbuzi."

"La."

"Kipofu na fimbo yake."

Bibi akasita kidogo. "La. Umeshindwa. Nipe mji."

"Nakupa Lushoto."

"Lushoto una ofisi nyingi. Nipe mwingine."

"Nakupa Mtae."

"Mtae ni wangu toka zamani."

"Basi sina mji, bibi. Mimi nina ukuta tu."

Wakacheka wote wawili, na jibu bibi hakulitoa. Jibu lilikuwa kiunoni mwa Rahma, alama ya kanga iliyokazwa kila siku. Nyumba yao imekaa ukingoni kabisa mwa jabali. Hatua ishirini kutoka mlangoni ardhi inakwisha, na chini ni hewa. Zamani bibi akikaa kizingitini aliiona tambarare yote mpaka barabara ya lami, nyembamba kama uzi. Sasa mtoto wa jicho alikuwa amelifunika la kushoto na ameanza la kulia, na tambarare ilikuwa weupe mtupu. Ndiyo maana akienda shambani alimfunga Rahma kanga kiunoni, ncha nyingine akaizungusha kwenye kifundo cha mkono wake. Habari kama hiyo humwambii mfungwa. Ataifanyia nini?

"Bibi, nisikilize, dakika zinakwisha," Latifa alisema. "Jina langu limetoka. Kuna mpango, mtu mwenye mwenendo mzuri anatolewa, anamalizia kifungo nje. Nitafagia zahanati ya kijijini, jioni nalala nyumbani."

"Nyumbani? Kwangu?"

"Kwako. Ila kwanza atakuja Afisa huko Mtae kukuuliza habari zangu, ajue kama mnanitaka. Mpokee vizuri, bibi. Yeye ndiye mlango."

"Mtu mzima anapanda mlima kuja kuuliza habari za mjukuu wangu?"

"Ndiyo."

Bibi akaunyoosha mgongo wake wa miaka sabini na kitu. "Huyo niachie mimi. Nimeozesha mabinti watatu."

Filimbi ikalia. Latifa akageuzwa. Nyuma yake, ukutani, kulikuwa na maandishi makubwa ya bluu ambayo bibi hakuweza kuyasoma hata alipokuwa na macho, maana shule hakwenda. Safari ya kwanza aliuliza yanasema nini, na Latifa akamsomea: HAPA TUNAREKEBISHA, HATUKOMOI. Ni yeye Latifa aliyepewa brashi kuyapaka rangi upya.

*

Kosa lenyewe lilikuwa la kuni.

Latifa aliingia msitu wa hifadhi, akaokota kuni kavu, akafunga mzigo. Benjamini, mlinzi wa msitu, akamkuta njiani, akaushika mzigo kwa nyuma ili auteremshe. Kamba ikamnyonga Latifa shingo. Akageuka na kipande cha gogo mkononi, na Benjamini akapoteza jino la mbele. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyesema vingine.

Siku ya tatu bibi alimchukua Latifa na kuku jogoo, wakaenda kwa Benjamini. Latifa akapiga magoti, akasema, nimekukosea. Kuku akachinjwa, wakala sahani moja, Latifa na Benjamini, mikono ikigongana kwenye mchuzi. Wazee wakashuhudia. Benjamini akasema, kwangu limekwisha. Kwa watu wa pale, lilikuwa limekwisha kweli, kama moto uliomwagiwa maji.

Lakini taarifa ilikuwa imeshapelekwa siku ya kwanza, na taarifa hairudi. Mahakamani Latifa aliulizwa, "Ni kweli ulikwenda kuomba radhi?" Akajibu kwa fahari, ndiyo, na jogoo tulichinja. "Mtu ambaye hakupiga anaomba radhi ya nini?" Ikaandikwa kwamba amekiri. Miaka mitatu. Rahma alikuwa ameachishwa ziwa mwezi ule ule. Baba yake mtoto alishashuka kwenda kwenye mkonge, akasahau njia ya kupanda.

*

Afisa alikuja siku ya Jumanne asubuhi, na pikipiki. Jina lake Kristian. Bibi alikuwa amejiandaa siku tisa: sakafu imepigwa udongo mpya, kiti kimeazimwa, kuku amefungwa mguu. Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni aliposikia mlio wa pikipiki ukizimwa, na sauti ya mtu mzima ikimwamkia, "Onga mahundo, bibi," Kisambaa safi kisicho na vumbi. Moyo wake ukatulia. Kumbe mgeni mwenyewe mtoto wa nyumbani.

Akamketisha. Kristian akafungua mkoba, akatoa karatasi.

"Bibi, zamani mtu akikosa alikuwa anafungwa akomeshwe tu. Siku hizi tumeacha hayo. Siku hizi ni urekebishaji. Tunataka kujua, huyu mtu akirudi kwenye jamii, jamii itamsaidia awe raia mwema? Ndiyo maana nimekuja."

"Umefanya vema, baba. Mgeni ni baraka."

"Nitakuuliza, wewe nijibu kwa uwazi. Uhusiano wako na mfungwa?"

"Yupi?"

"Latifa."

"Aa, huyo!" Bibi akajiweka sawa kwenye mkeka, akavuta kanga mabegani, kama alivyofanya mara tatu kwa mabinti watatu. "Huyo nimemlea kwa bahati mbaya. Mama yake alifariki akaniachia, ningefanyaje?"

Kalamu ikaenda.

"Tabia yake kabla hajafungwa?"

"Mvivu. Jembe akiliona tu, mgongo unamwuma."

Nje ya dirisha matuta aliyoyachimba Latifa peke yake yalishuka mteremko mzima kama ngazi, kabichi juu ya kila kipandio. Kristian aliyatazama. Kisha akaandika.

"Kuhusu hasira?"

"Mdomo kama pasi ya mkaa. Unaunguza hata nguo zilizokunjwa."

"Anaelewana na majirani?"

"Nani aelewane naye? Hata mbuzi wanamkimbia."

Rahma, aliyekuwa kizingitini na kanga kiunoni, akacheka kwa sauti. Alijua maneno haya, ndiyo aliyolalia kila siku. Kristian naye akatabasamu.

"Swali la mwisho, bibi. Mfungwa akiruhusiwa kutumikia kifungo nje, familia iko tayari kumpokea?"

Hapa ndipo kilele. Bibi alivuta pumzi, akayapanga maneno yake kwa utaratibu.

"Wa nini? Kaeni naye tu huko huko. Mimi nimemchoka."

Akasubiri jibu. Mikono yake ilikuwa imetulia mapajani, na jicho lake moja lenye nuru kidogo limemwelekea mgeni.

Kristian alishikilia kalamu juu ya karatasi. "Niandike hivyo hivyo, bibi?"

"Hivyo hivyo, baba. Usipunguze hata moja."

"Hivyo hivyo." Akacheka kidogo, akatikisa kichwa. "Mama yangu naye, nilipokwenda kuoa, alinichamba mbele ya wakwe mpaka nikataka kulia."

"Si alikuwa anakupenda!"

"Sana."

Wakacheka pamoja, na bibi akakihesabu kicheko kile kuwa ndilo jibu. Ni kweli mgeni hakutamka maneno yenyewe. Lakini watu wa ofisi mila zao ni fupi, alijiambia; wanakata hapa na pale wawahi. Kristian akamshika kidole gumba, akakigandamiza kwenye wino, akakipeleka penye karatasi. Kidole kilikuwa na mpasuko wa jembe katikati, na mpasuko ukatoka vizuri sana.

Kuku aliliwa. Firigisi alipewa mgeni, kama inavyopasa. Wakiwa bado wanakula, Benjamini akapiga hodi, kofia mkononi, pengo mdomoni.

"Afisa, nimesikia uko huku. Mimi ndiye niliyepigwa. Nimekuja kusema nilishasamehe, na huyu binti arudi alee mtoto wake."

"Nashukuru, lakini wewe katika kesi ile ni shahidi tu," Kristian alisema huku akichambua paja. "Mlalamikaji ni Jamhuri."

Benjamini akagusa pengo lake kwa ulimi. "Kwani Jamhuri nayo iling'oka jino?"

Wakacheka watu wote mle ndani. Kristian alicheka mpaka akapaliwa, na bibi akamletea maji. Mgeni aliondoka na mfuko wa mapea umefungwa nyuma ya pikipiki, na bibi alisimama uani akisikiliza mlio mpaka kona ya mwisho.

"Mama anakuja?" Rahma aliuliza.

"Anakuja, chura wangu. Mgeni amekula firigisi."

*

Wiki zikaenda. Bibi alishona godoro la majani makavu, akalianika, akaliingiza, akalianika tena. Mwenyekiti wa kijiji aliulizwa kila Ijumaa. Zahanati walishaambiwa kwamba mfagiaji yuko njiani. Wiki ya saba, asubuhi moja, bibi aliinua mkono mbele ya uso wake na kuhesabu vidole, akavipata viwili. Kesho yake akapanda basi kwenda Lushoto.

Ofisini alikaa kwenye benchi toka saa mbili mpaka saa sita. Watu wengine wanne walikuwa kwenye benchi lile, na kila mlango ulipofunguliwa walisimama wote, kisha wakakaa wote.

Kristian alimkumbuka. "Bibi wa Mtae! Shikamoo. Yale mapea yalikuwa matamu."

"Marahaba, baba. Nimekuja kumwulizia yule mbaya wangu."

Kristian akashusha macho, akafungua kabati, akatoa jalada. "Kamati ilishakaa, bibi. Haikukubali."

"Haikukubali nini?"

"Ngoja nikusomee." Akasoma kwa sauti ile ile ambayo watu husomea matangazo. "'Mlezi wa mfungwa anaeleza kwamba mfungwa ni mvivu, ana lugha chafu, hapatani na majirani. Alipoulizwa kama familia iko tayari kumpokea, mlezi alijibu: kaeni naye huko huko, nimemchoka. Kwa kuwa mazingira ya nyumbani hayaungi mkono urekebishaji wa mfungwa, Kamati inaelekeza aendelee kutumikia kifungo chake gerezani, kwa faida yake mwenyewe.'"

Benchi lilikuwa nyuma ya mlango uliobaki wazi, na watu wanne walikuwa wanasikia.

"Baba," Bibi alisema taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. "Wewe si Msambaa?"

"Msambaa, bibi."

"Mama yako si alikuchamba?"

"Alinichamba."

"Basi ulinielewa."

"Nilikuelewa," Kristian alisema. Akafunga jalada, akaliwekea kiganja juu. "Nilikuelewa vizuri kabisa. Lakini fomu haina mahali pa kuandika nilivyoelewa. Ina mahali pa kuandika ulivyosema. Nikiandika anapendwa, naye akatoka akampiga mtu gogo, nitaulizwa mimi: nani alikwambia anapendwa? Nitasema nini? Nitasema bibi alitabasamu?"

"Andika sasa. Nakwambia sasa."

"Limeshapita. Kuna dole gumba lako."

"Kidole hiki hapa! Kichukue tena!" Akakinyoosha hewani, upande ambao Kristian hakuwepo. Ndipo Kristian akayatazama macho yake kwa mara ya kwanza, akaona weupe, akatazama pembeni.

"Mwaka kesho ataweza kuombewa tena, bibi."

"Mwaka kesho nani atamshika mtoto? Mimi nakaa kwenye jabali."

"Hilo nalo ungelisema siku ile."

Bibi Mwanaidi akasimama. Alishika meza kwa mikono miwili, akafungua mdomo, na akafanya kitu ambacho hakuna mwanamke wa ukoo wake aliyewahi kukifanya mbele ya watu.

"Latifa wangu ni mzuri," alisema. Sauti ilikwaruza kama mlango usiofunguliwa miaka. "Ni mchapakazi. Matuta yale ni yake. Ana huruma. Mimi nikiumwa yeye hulala macho wazi. Hakuna mtoto kama yeye toka Mtae mpaka hapa. Nampenda. Andika. Nampenda!"

Kule kwenye benchi mama mmoja alimvuta mwanawe akamfunika kichwa kwa kanga. Mwingine akasema, "Astaghafiru, bibi, nyamaza, unamwua mtoto wa watu." Kristian alikuwa ameshasimama, anamshika bega, anampeleka mlangoni kwa upole. Kalamu ilibaki juu ya jalada, kifuniko hakijafunguliwa.

*

Bibi aliamua aende gerezani mwenyewe akamweleze Latifa. Njia nzima kushuka alitengeneza kitendawili, maana yapo maneno ambayo mtu hawezi kuyasema mbele ya askari ila yakiwa yamevaa nguo. Alikijaribu kwa Rahma, shavu kwenye shavu, kona ya themanini: "Mbaya wangu simpi mtu." Rahma akasema jibu ni paka. Bibi akasema, siyo, jibu ni mama yako. Usimwambie, mwache akisie mwenyewe. Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Lushoto.

Afande Jenipher hakuchukua njiti. Alichukua daftari, akaingia ndani, akakaa huko kitambo, akarudi peke yake.

"Amesema hana mgeni."

"Mwambie ni mimi."

"Nimemwambia ni wewe. Ndiyo akasema hana mgeni."

Rahma aliketi chini, akaanza kuchora kwenye vumbi. Bibi hakuelewa. Latifa huyu? Latifa aliyekua kwa maneno hayo hayo, aliyeitwa chura mpaka akavunja ungo?

Afande Jenipher akavuta kiti. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa zamu. "Bibi, majibu ya Kamati yanasomwa paredi, mbele ya wote, ili wengine wajifunze. Alipoitwa, Latifa alitoka mbele anatabasamu. Nikasoma, bibi yako anasema wewe ni mvivu. Akacheka. Nikasoma mdomo. Akacheka zaidi, mpaka nikamwonya. Nikasoma ile, kaeni naye huko huko, nimemchoka. Akawa amenyamaza kama anasubiri kitu. Akaniuliza, 'Na Afisa akajibuje?' Nikamwambia hakuna cha Afisa akajibu, hapa imeandikwa hukukubaliwa. Akaniuliza tena, 'Hakuna aliyejibu?' Nikamwambia hakuna. Basi. Toka siku hiyo haongei."

Bibi alishika ukingo wa meza.

"Anakula?"

"Anakula. Anashona. Tena anashona vizuri kuliko mwanzo, kola zake hazina mfano. Kusema kweli, huku kwetu wamefurahi kidogo, maana angeondoka nani angetushonea sare za sherehe?" Akalifunga daftari. "Gereza limemsaidia sana, bibi. Alipokuja alikuwa mkali. Sasa ukimpiga kelele anainama tu."

Walitoka. Lakini bibi hakushika njia ya barabara. Alimwuliza Rahma, nguo zilizoanikwa ziko wapi? Rahma akaziona juu ya ukuta, upande wa shamba la mahindi la gereza, magauni yanapepea kwenye waya. Bibi akamwambia, nipeleke. Kanga ilikuwa kiunoni mwa mtoto na ncha nyingine mkononi mwa bibi, lakini siku hizi aliyekuwa anavutwa alikuwa bibi.

Wakafika chini ya ukuta. Ndani ilisikika milio ya vyerehani, mingi kwa pamoja, kama mvua ya mawe juu ya bati. Bibi aliweka kiganja ukutani. Ulikuwa wa moto. Akajaza kifua.

"Kitendawiliii!"

Vyerehani viliendelea. Akaita tena, kwa sauti ile ya kuitia watu ng'ambo ya bonde, sauti inayopanda mlima mmoja na kushukia wa pili.

"Kitendawiliii!"

Cherehani kimoja kikasita. Kingine. Kikapita kimya cha pumzi moja, halafu ndani sauti ya mwanamke ikaitikia:

"Tega!"

Bibi hakuijua. Ilikuwa nyembamba, ya mtu wa pwani labda. Mara ikafuata nyingine, na nyingine, kisha zikaja zote, thelathini, arobaini, wanawake ambao bibi hakuwahi kuwaona, wa Kifungilo na wa Korogwe na wa wapi sijui, kila mmoja na bibi yake mahali fulani: "Tega! Tega, bibi! Tegaaa!" Ukuta ukatetemeka chini ya kiganja. Aliinamisha kichwa, akaliweka sikio kwenye saruji, akatafuta ndani ya sauti zile sauti moja. Alidhani ameipata. Ikampotea.

Akafungua mdomo.

Filimbi ikapigwa ndani, kali, mara tatu.

"Chuchumaa! Wote chini! Mikono kichwani!" Ilikuwa sauti ya Afande Jenipher, siyo ile ya kwenye kiti. Vikasikika viti vikianguka, na miguu mingi ikishuka kwa pamoja. "Nani ameitikia? Nauliza, nani ameanza?"

Buti zikatembea mstari mzima.

"Hakuna? Vizuri." Fimbo ikatua mahali penye nyama. Mtu akaguna. Ikatua tena. "Kila nikisikia neno kutoka nje au ndani, narudia mstari mzima toka mwanzo. Tumeelewana?"

"Ndiyo, Afande," sauti arobaini zikajibu pamoja.

Kisha pakawa kimya kabisa. Hata magauni kwenye waya yaliacha kupepea. Bibi Mwanaidi alisimama pale na kitendawili chake mdomoni, maneno manne. Meno yake machache aliyabana. Ng'ambo ya ukuta wanawake walikuwa wamechuchumaa wakisubiri, na miongoni mwao mmoja, kama yumo, alikuwa anasubiri kwa mara ya pili maneno ambayo hayaji.

Rahma akavuta kanga.

"Bibi," alisema. "Wameshasema tega."

Bibi akamziba mdomo kwa kiganja.